Chombo kikubwa cha anga cha Lego: anza na mifupa, makorokoro yasubiri

Mkuu, umeuliza mambo matatu kwa mpigo: uanzie wapi kubuni chombo cha anga cha Lego cha kama mita moja cha kuweka ofisini, ubuni kwenye kompyuta au kwa mkono moja kwa moja, na kwa nini kila unachojenga kinaishia kufanana na sanduku hata ukikijaza urembo. Nimo kwenye mambo haya muda mrefu hapa Dar, nimejenga vikubwa na nimevibomoa, kwa hiyo nitajibu kwa kirefu. Wenye haraka waruke.

Nianze na hilo la sanduku, maana ndilo linalobeba mengine. Urembo hauondoi usanduku. Chombo kikubwa watu hukiona umbo la nje kwanza, wakiwa bado mlangoni, kabla hawajaona hata bomba moja. Kwa hiyo kabla ya kugusa tofali chukua penseli, chora kivuli chake tu, cha ubavuni na cha juu, ukijaze weusi. Kama kivuli hicho hakikuvutii, hata ukibandika vipande elfu tano hakitakuvutia. Mimi huchora ukurasa mzima wa vivuli vidogo vidogo, halafu nampa mpwa wangu achague. Watoto hawakuonei haya kwenye mambo haya, na hiyo ndiyo faida yao.

Ukishapata kivuli, amua kipimo. Hapa ndipo wengi wanapojiharibia. Nundu, yaani vile vichwa vya duara juu ya tofali, ziko milimita 8 kutoka kitovu hadi kitovu. Wajenzi wa nje wana desturi ya kukihesabu chombo kuwa kikubwa kikifika nundu 100, ambazo ni sentimita 80, na kila Septemba wana changamoto yao ya kujenga kimoja cha aina hiyo ndani ya mwezi, wanaiita SHIPtember. Wewe unataka mita, sawa na nundu 125. Lakini mita ya nini? Yule mtu mdogo wa Lego ana kimo cha sentimita 4 hivi. Ukitaka akae kwenye usukani, mita yako inasimama badala ya chombo cha mita arobaini na kidogo, si mbali na Space Shuttle za Wamarekani zilizokuwa na urefu wa mita 37. Hicho ni chombo cha watu wachache, kinataka milango, ngazi na viti.

Ukitaka jitu la nusu kilomita, kipimo kinakuwa 1 kwa 500 na hesabu yote inageuka. Bamba, kile kipande chembamba cha milimita 3.2, linakuwa mita 1.6. Mabamba mawili ni ghorofa moja. Nundu moja ni mita 4, kwa hiyo mlango hauonekani tena na dirisha linabaki kitone. Ukikosea ukaweka hapo kioo kikubwa cha rubani, jitu lako linageuka kigari cha kuchezea papo hapo, kwa sababu jicho hutafuta kitu kimoja linachokijua na kupimia vingine vyote kwa hicho. Basi kichague wewe mapema. Kwenye vyombo vyangu vikubwa huwa ni mstari wa madirisha, kila mabamba mawili kwenda juu, na hakuna kipande kinachoruhusiwa kubishana na mstari huo.

Sasa mifupa. Nitakaa hapa kidogo kwa sababu hakuna anayeipiga picha, na ndiyo inayoamua kama chombo kitaona sikukuu inayofuata. Tofali la nundu 2 kwa 4 lina uzito wa gramu 2.3 hivi. Piga hesabu ya chombo kilichoshindiliwa ndani, nundu 100 kwa urefu, 30 kwa upana, matofali 10 kwenda juu: unapata matofali 3,750, zaidi ya kilo 8 na nusu, kabla ya injini. Na ukikuza chombo mara mbili kila upande, ngozi inakuwa mara nne lakini uzito wa kilichoshindiliwa unakuwa mara nane. Ndani lazima kuwe wazi, na uwazi huo ushikiliwe na fremu ya Technic, yale matofali na fito zenye matundu.

Kanuni yenyewe ni rahisi na wanaojenga kwa matofali ya kawaida tu huwa hawaijui. Kimo cha tofali ni milimita 9.6. Weka tofali lenye matundu, juu yake mabamba mawili, kisha tofali jingine lenye matundu. Kutoka tundu la chini hadi la juu ni 9.6 na 3.2 na 3.2, jumla 16, ambazo ni nundu mbili kamili. Kwa hiyo ukisimamisha ufito wa Technic wima ubavuni, matundu yake yanaangukia sawasawa kwenye yale ya matofali. Unapiga pini juu na chini, na kila kilichobanwa katikati hakiwezi kuachia hata ukikinyanyua vibaya. Jenga uti wa mgongo wa namna hiyo, mistari miwili sambamba kutoka puani hadi kwenye injini, na uunganishe kwa vipande vya kukingama. Kisha weka mshazari. Pembetatu ya 3, 4, 5 uliyosoma sekondari inafanya kazi hapa bila kubadilisha kitu, ila unahesabu nafasi kati ya matundu, si matundu yenyewe, hivyo unahitaji fito za matundu 4, 5 na 6. Mifupa ikikamilika, ishike ncha moja uinue. Ncha ya pili ikiinama, usiendelee na ngozi. Ngozi haijawahi kunyoosha mgongo wa mtu.

Ngozi ndiyo inayokutoa kwenye sanduku. Siri ni kuacha kujenga kwenda juu tu. Kuna vipande vya umbo la L na matofali yenye nundu ubavuni, na ukivitumia unaweza kulaza ukuta mzima upande. Hesabu inayoruhusu hilo ni ileile ya 16: mabamba matano yakipandana yana kimo cha milimita 16, sawa na upana wa nundu mbili, kwa hiyo kilicholazwa na kilichosimama vinakutana bila pengo. Ukitaka kuona mafundi wanavyofanya, pakua kitabu cha maelekezo cha roketi ya Saturn V ya Lego, seti namba 21309 ya mwaka 2017. Kiko bure kwenye tovuti yao. Ina vipande 1,969, makusudi, kwa ajili ya mwaka wa kutua mwezini, na inasimama mita moja. Tazama jinsi kiini chake kinavyotoa nundu pande zote nne, halafu ngozi ya mviringo inabandikwa kutoka nje. Hata kama hutaijenga kamwe, kurasa zile zitakufundisha kuliko video yoyote.

Kwa pua iliyochongoka na mbavu zinazokwenda upande, tumia bawaba na pembetatu ya 5, 12, 13. Ukirudi nyuma nundu 12 kutoka kwenye bawaba na kutoka pembeni nundu 5, paneli ya nafasi 13 inafunga kabisa, nundu juu ya nundu, bila kuegemea. Pembe nyingine zinawezekana lakini hazifungi, zinaegemea tu. Kuegemea nako kuna heshima yake: seti ya Star Destroyer, chombo cha kwenye sinema za Star Wars, ya mwaka 2002, namba 10030, paneli zake kubwa za nje zilishikiliwa na sumaku. Mimi sumaku sizipendi kwa paneli za chini, maana hizo zinavutwa na uzito wake zenyewe mchana na usiku. Za chini nazipiga pini.

Umeuliza kuhusu kompyuta. Programu inayotumiwa na wengi ni Studio ya BrickLink, lile soko la mtandaoni la vipande vya Lego, ni ya bure. Kabla yake kulikuwa na LDraw, mfumo ulioanzishwa mwaka 1995 na James Jessiman wa Australia, na mpaka leo wapo wasiotaka kuuacha. Kompyuta inakupa vipande visivyoisha, inakuhesabia, inakuonyesha kama kipande kimeingia ndani ya kingine. Kasoro yake ni kwamba ndani ya skrini hakuna uzito. Paneli ya nundu 40 iliyoshikwa kwa nundu mbili itaelea pale kwa raha zote. Tena ukizembea inakuruhusu kupaka kipande rangi ambayo haijawahi kutengenezwa, unakuja kugundua siku ya kuagiza. Kwa hiyo jibu langu: mifupa jenga kwa mkono, kwa rangi yoyote uliyonayo, hata iwe ya upinde wa mvua, kwa sababu itafunikwa. Ngozi ibuni kwenye kompyuta, maana hiyo ndiyo itakayokula vipande vingi vya rangi moja na lazima ujue idadi kabla ya kutoa pesa. Urembo rudi kwenye mkono. Urembo wa kompyuta huwa una ulinganifu wa kuchosha, kushoto sawa na kulia kama nakala.

Vipande. Sisi wa huku hatuna duka la kuingia na kuchagua kimoja kimoja. BrickLink ndilo soko, lipo tangu mwaka 2000 na Lego waliwanunua mwaka 2019. Muuzaji mmoja hatakuwa na vyote, na kila muuzaji ana nauli yake, hivyo punguza aina za vipande kabla ya kupunguza idadi. Mabamba 300 ya aina moja ni rahisi kupata kuliko aina 300 za kipande kimoja kimoja. Mimi huagiza vifike kwa ndugu aliyeko nje, naye huja navyo akirudi likizo. Hapo ndipo utajua umuhimu wa chombo kilicho wazi ndani, maana begi lake lina kilo 23 na shangazi naye ameagiza vyake. Vile vya Kichina vinavyouzwa Kariakoo sivikatai. Baadhi vinashika vizuri kabisa. Lakini mkazo unatofautiana kutoka pakiti hadi pakiti, kwa hiyo viweke kujaza mahali pasipobeba kitu, usivitie kwenye uti wa mgongo. Jambo jingine, ukinunua vya mtumba angalia kijivu. Lego walibadilisha kijivu chao karibu na mwaka 2004, cha zamani kina umanjano kidogo na kipya kina ubuluu. Chini ya taa ya usiku vinafanana, asubuhi chombo kina viraka.

Sasa ndiyo tufike kwenye makorokoro, yale mabomba, matundu, vifuniko na antena ambayo kila mtu anataka kuanzia. Mafundi wa sinema za anga za miaka ya 1970 walikuwa wakichukua vipande vya modeli za plastiki za vifaru vya vita na meli wanavibandika kwenye vyombo vyao, na sisi tunafanya hivyohivyo kwa viatu vya magurudumu vya wale watu wadogo, darubini zao, bomba za maji, vigae vya wavu na vishikio. Kipande chochote kinakubalika mradi mtazamaji asikitambue haraka. Ila nenda Kivukoni siku meli kubwa ya makontena inaingia bandarini. Inapita karibu sana pale, utaiona vizuri. Ubavu wake mrefu hauna kitu, chuma tupu na rangi, michirizi ya kutu na nanga. Mambo yote yamerundikana kwenye mnara wa nahodha, kwenye winchi za mbele na nyuma. Huo utupu ndio unaokuambia meli ni kubwa. Ungeutandaza ule msongamano meli nzima, ungekuwa unaangalia takataka.

Kwa hiyo gawa. Zaidi ya nusu ya ngozi iache laini, vigae vitupu, labda mstari mmoja wa rangi. Makorokoro yaweke kwenye mifereji, kwenye mashina ya injini, mahali paneli mbili zinapokutana vibaya na unahitaji kuficha pengo. Na kila bomba litoke mahali na liende mahali. Mtazamaji hatafuatilia, lakini bomba lisilo na mwisho linajulikana tu.

Stendi usiiache mwisho. Injini huwa nzito, kwa hiyo kitovu cha uzito kiko nyuma kuliko unavyodhani. Laza mpini wa ufagio mezani, egesha chombo juu yake ukisogeze mpaka kitulie, weka alama. Nguzo ya stendi iingie hapo na ishikane na uti wa mgongo, isiishie kwenye ngozi. Na kwa kuwa umesema ofisi iko ghorofani na ngazi ni nyembamba, kigawe vipande vitatu vya chini ya sentimita 40 kila kimoja, mifupa iunganishwe kwa pini ndefu zinazochomoka, na mahali pa kukatia pafunikwe na paneli inayobanduka. Usikiweke dirishani. Jua linageuza vyeupe kuwa vya njano, na feni ya dari inakusanya vumbi kwenye mifereji yote niliyokuambia uijaze makorokoro. Brashi laini ya vipodozi inatosha, kila baada ya muda.

Mifupa ikisimama tupia hapa picha ya ubavuni, ukiwa umeiinua kwa ncha moja, tuone inapoinama.