Hawakuifuta, waliichepusha

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza: filamu inayorudi nyuma hadi mwanzo wa hadithi tunayoipenda na kuianza upya, je, huiokoa hadithi hiyo au huizika? Nitajibu kwa filamu moja tu, Star Trek ya mwaka 2009 iliyoongozwa na J.J. Abrams, kwa sababu ndiyo iliyonibadilisha msimamo. Nilikaa kuitazama nikiwa nimekunja uso, na nikainuka nikiwa nimelia mara mbili.

Hofu yangu haikuwa ya bure. Tamthilia ya televisheni ya Gene Roddenberry, kuhusu mabaharia wa anga za juu, ilianza kurushwa mwaka 1966, ikaenda misimu mitatu na vipindi 79, kisha ikakatwa. Ikafufuka kwenye sinema, na kuanzia 1987 hadi 2005 hatukuwahi kukaa mwaka mzima bila Star Trek mpya kwenye televisheni. Halafu kimya. Filamu ya 2002 ilikuwa imeshindwa kuvuta watu, na mfululizo wa mwisho ukasitishwa. Sasa tunaambiwa vijana wageni wanavishwa sare za nahodha Kirk na msaidizi wake Spock, sare ambazo kwa miaka arobaini zilikuwa mali ya William Shatner na Leonard Nimoy. Shabiki gani asingenuna?

Tena filamu za namna hii zina ugonjwa wao: mwisho unaujua tangu mwanzo. Ukionyeshwa ujana wa mtu uliyekwisha kumwona akizeeka, hata akining'inia juu ya moto moyo haukudundi, kwa sababu atatoka tu.

Waandishi, Roberto Orci na Alex Kurtzman, waliutibu ugonjwa huo kwa namna ninayoistaajabia mpaka leo. Mwaka 2387, katika ulimwengu ule ule tuliouzoea, nyota inalipuka na kuiteketeza sayari ya Romulus. Spock, ambaye sasa ni mzee na anaigizwa na Nimoy yule yule, amechelewa kuiokoa. Yeye na Nero, nahodha wa meli ya uchimbaji madini aliyempoteza mkewe katika mlipuko ule, wanamezwa na shimo jeusi na kutupwa miaka mingi nyuma. Nero anaibukia mwaka 2233 na kuishambulia meli ya kwanza inayokutana naye, Kelvin. Kuanzia hapo mto unapata mkondo wa pili. Ule wa kwanza haukukauka, na kila kipindi ulichokipenda bado kiko palepale kilipokuwa. Ila huku kwenye mkondo mpya hakuna aliyehakikishiwa uhai.

Na tunaonyeshwa hilo mapema. Ubavu wa Kelvin unapasuka, mhudumu mmoja anavutwa nje, na mara ile ile kelele zote zinakatika. King'ora, mayowe, milipuko, vyote vimezimika. Umebaki na mwili mmoja mdogo ukielea kwenye giza. Muda si mrefu George Kirk, aliyekabidhiwa meli dakika chache tu zilizopita, anaielekeza kwa adui ili wengine wapate kukimbia. Mkewe yuko ndani ya chombo kidogo cha uokoaji, anajifungua. Wanachaguliana jina la mtoto kwa redio, wakiwa na sekunde za kuhesabu, na muziki wa Michael Giacchino unafunika mizinga yote. Hapo ndipo nilipolia mara ya kwanza. Mtoto huyo ndiye James Kirk, na tangu anapotoa sauti yake ya kwanza maisha yake si yale tuliyoyajua, kwa kuwa huyu amekulia bila baba.

Baadaye Nero anaiangamiza sayari ya Vulcan. Watu bilioni sita, wanaosalia hawazidi elfu kumi. Katika miaka yote ya tamthilia Vulcan ilikuwa nguzo, nyumbani kwa Spock, na sikuamini kwamba waandishi wangethubutu. Tazameni mkono wa Zachary Quinto, anayemwigiza Spock kijana, katika tukio lile. Familia yake imesimama ukingoni mwa mwamba ikisubiri mitambo ya kuhamisha watu papo hapo iwapandishe melini, mwamba unakatika, na mama yake anaporomoka. Spock anaunyoosha mkono. Anapotokea ndani ya meli mkono bado umenyooka vilevile, na mbele yake hakuna kitu.

Sisi tunaozungumza Kiswahili tuna sababu ya ziada ya kuipenda filamu hii. Uhura, afisa wa mawasiliano aliyeigizwa na Nichelle Nichols tangu 1966, jina lake lilitokana na neno letu uhuru, likalainishwa herufi ya mwisho. Nichols mwenyewe alisimulia mara nyingi kwamba alitaka kuacha kazi ile baada ya msimu wa kwanza, na Martin Luther King ndiye aliyemsihi abaki. Lakini miaka yote hiyo, kwenye skrini, mwanamke huyu hakuwa na jina la kwanza. Mashabiki waliosoma vitabu walilijua; filamu hii ndiyo iliyolitamka mbele ya kila mtu. Kirk anamsumbua tangu baa wanapokutana, na yeye anagoma kumtajia. Kirk anakuja kulisikia kinywani mwa Spock, kwa sauti ya chini, wakati wa kuagana: Nyota. Nilishtuka kama nimeitwa mimi. Na Uhura huyu wa Zoe Saldana hakuwekwa pale kama pambo. Anapata nafasi yake kwenye chumba cha usukani kwa sababu anazijua lahaja zote tatu za Kiromulus, na aliyekuwa kwenye kiti hicho hazijui.

Sisemi filamu haina kasoro. Nero ana uchungu lakini hana kina. Eric Bana angepewa zaidi. Miali ya mwanga inayopiga kamera kila mara inachosha macho. Kirk kukutana na Spock mzee pangoni, kwenye sayari nzima ya barafu, ni bahati iliyopitiliza. Na kijana aliyeanza safari akiwa mwanafunzi mwenye kesi ya udanganyifu kwenye mtihani kumaliza akiwa nahodha kamili, hilo hata leo halinishuki kooni. Roddenberry alitupa wakubwa waliokaa mezani wakabishana juu ya haki. Hapa mabishano ni machache na mbio ni nyingi. Wanaoinung'unikia kwa hilo siwalaumu.

Hata hivyo jibu langu ni kwamba iliiokoa, na aliyeiokoa ni Nimoy. Wangeweza kuianza upya kwa kujifanya ya zamani haikuwahi kuwapo, kama wengi wanavyofanya. Wao walimleta mzee mwenyewe, na sura yake na makunyanzi yake, awe shahidi ndani ya hadithi kwamba yale yote yalitokea. Pangoni anamtazama Kirk huyu mgeni kama mtu aliyemwona rafiki aliyemzika. Chris Pine hafanani na Shatner hata kidogo, lakini Nimoy akimtazama vile, nami nikamkubali.

Mwishoni Spock hao wawili wanakutana, mzee na kijana. Yule mzee ana salamu yake ya kuaga inayojulikana dunia nzima, ya kumwombea mwenzako maisha marefu na baraka. Anaona kwamba akimpa huyu atakuwa anajiombea mwenyewe. Basi anamtakia bahati njema tu, anageuka na kwenda zake. Hapo ndipo nilipolia mara ya pili.