Muziki unatoka, sauti ya simu haitoki

Pole ndugu. Kama muziki unacheza kwenye spika za gari lakini ukipigiwa sauti inabaki kwenye simu, usikimbilie kununua redio. Bluetooth hutenganisha muziki na maongezi. Kwenye mipangilio ya Bluetooth ya simu, gusa jina la redio, uwashe swichi ya maongezi ya simu. Ikigoma, futa jina hilo pande zote mbili, uunganishe upya. Namba ya siri mara nyingi ni 0000 au 1234.

Kile kifaa cha kuchomeka kwenye kiberiti cha gari, kinachorusha sauti ya simu kwenda redioni kwa FM, fikiri kwanza: redio nyingi za magari ya Japani huishia FM 90, kwa hiyo kikirusha juu ya hapo hazitakikamata.

Ukifunga redio mpya Kariakoo, mwambie fundi atumie soketi, asikate nyaya. Tafadhali, simu uiunganishe ukiwa umeegesha, si kwenye foleni ya Ubungo.