Bega la binti linalochomoka kila mara: mimi ninavyoishi na viungo vilivyolegea

Dada wa Mbale, swali lako nimelisoma mara mbili jana usiku na usingizi ukakata. Binti wa miaka 16, yuko Senior 3 (kidato cha tatu) bwenini, bega la kulia limechomoka mara tatu tangu mwaka uanze, na mara ya mwisho alikuwa anaanika shuka tu. Hospitali wamemfunga mkono shingoni kwa kitambaa na kumwambia apumzike. Shangazi yake anasema amerogwa. Wewe unauliza mtu anaishije hivi kila siku.

Mimi ni fundi cherehani hapa Kireka, karibu na Kampala, Uganda, nina miaka 38. Nimekulia kambi ya jeshi Jinja, na bega langu la kwanza lilitoka hapo kambini nikiwa na umri wa binti yako, nikivuta ndoo kisimani. Leo ni mabega yote mawili, pia ya goti la kushoto (ule mfupa wa mbele ya goti), na vidole gumba vinavyoteleza nikikata kitambaa kizito. Nina watoto wawili na kazi yangu inaendelea.

Shangazi mwelezeni kwa upole. Viungo vinashikwa na kano, na kano zimejengwa kwa kolajeni, protini inayoushikilia mwili. Kuna watu wanazaliwa na kolajeni isiyokaza. Kwa lugha ya ufundi wangu, ni kama lastiki ya sketi iliyochoka: ukiivuta inakuja, lakini hairudi. Mara nyingi inatembea kwenye ukoo, kwa hiyo muulizeni bibi kama hakuna mtu aliyekuwa anakunja vidole nyuma kuwafurahisha watoto. Kwetu alikuwa mama. Hali moja inayoleta hivyo inaitwa Ehlers-Danlos, kwa majina ya madaktari wawili wa ngozi, Mdenmaki na Mfaransa, walioieleza mwanzoni mwa karne iliyopita. Ina aina zaidi ya 10, na ile ya viungo kulegea haina kipimo cha damu mpaka leo. Daktari anaitambua kwa kukuangalia, kukupima na kukuuliza.

Kipimo cha viungo mnaweza kukijaribu nyumbani, taratibu, bila kulazimisha, na bega lenye kitambaa liacheni. Kidole cha mwisho kikikunjwa nyuma kinapita nyuzi 90? Kidole gumba kinafika kwenye mkono chini ya kiwiko? Kiwiko kinapinda upande usio wake? Goti je? Kila upande ni alama moja. Akiinama magoti yakiwa yamenyooka na viganja vikalala sakafuni, hiyo ni alama ya 9. Kwa umri wake, 5 au zaidi inaonyesha viungo vyake vimelegea mwili mzima. Alama peke yake si ugonjwa, wapo wachezaji ngoma wenye 9 na hawaumwi chochote. Lakini ukiingia kwa daktari na jibu hilo mkononi, mazungumzo yanabadilika. Mimi niliwahi kuambiwa na mhudumu mmoja kwamba nadeka, nikae nyumbani niache kusumbua watu. Nililia njia nzima, na sikurudi hospitali miaka minne. Usikubali binti apoteze miaka kama ile.

Sasa kitambaa cha shingoni. Siku za kwanza kinasaidia, maumivu yanatulia. Kikizidi muda waliokupa, kinakula misuli, na kwa mtu wa aina yetu misuli ndiyo iliyobaki kushika bega. Lastiki siwezi kuikaza upya, lakini naweza kufunga mkanda juu yake, na mkanda ndio misuli. Kwa hiyo nenda idara ya fiziotherapia (tiba ya mazoezi) kwenye hospitali ya rufaa hapo Mbale, uwaambie wazi kwamba limechomoka mara tatu bila kuanguka. Ukija Kampala, kuna hospitali ya Mulago, na kuna hospitali ya CoRSU pale Kisubi, barabara ya Entebbe. Upasuaji upo, ila kwa bega linalotoka kwa ulegevu mazoezi ndiyo yanayotangulia, kwa miezi, kwa sababu hata kano iliyoshonwa ni ile ile ya kolajeni dhaifu na inaweza kulegea tena.

Mazoezi yangu hayana fahari yoyote. Nasimama kando ya ukuta, kiwiko kimebana mbavuni, nausukuma ukuta kwa kiganja huku mkono hausogei, nahesabu mpaka 5, naachia. Halafu nausukuma kwa mgongo wa kiganja. Mara 10 kila upande. Kwa goti naweka taulo iliyoviringishwa chini yake, nalikandamiza kwa msuli wa paja. Nikipiga mswaki nasimama kwa mguu mmoja, karibu na ukuta, kwa sababu mwili wetu haujui vizuri kiungo kiko wapi na lazima ufundishwe. Kujinyoosha mikono na miguu kama timu ya netiboli kabla ya mechi, hapana. Kilichokwisha kuvutika hakivutwi tena. Na mwambie aache kabisa kuwaonyesha wenzake jinsi bega linavyotoka. Mimi nilifanya hivyo shuleni na kila mara lilitoka kwa urahisi zaidi. Tofauti niliiona mwezi wa nne, si kabla, kwa hiyo msikate tamaa wiki ya tatu.

Kilichonisaidia kuliko yote ni daftari la kurasa 32. Mtaalamu wa mazoezi aliniambia niandike kila kiungo kinapotoka au kuteleza nusu: saa ngapi, nilikuwa nafanya nini, nilifanya nini kabla ya hapo. Nilidhani nitaandika mizigo mizito. Miezi miwili ikatoa mara 19, na 14 kati ya hizo zilikuwa baada ya saa 11 jioni au nikiwa kitandani. Jerikeni la asubuhi halikunitoa bega, kanga niliyokuwa naikunja saa 2 usiku ndiyo iliyolitoa, kwa kuwa misuli ilikuwa imechoka tangu mchana. Shuka la binti yako, hebu muulize: alilianika baada ya kufua nguo ngapi? Tangu siku hiyo niliacha kupanga kazi kwa uzito nikaanza kuzipanga kwa saa. Kazi za mikono juu nazifanya asubuhi, jioni ni kushona vifungo nimekaa. Nikishona nusu saa nasimama, hata kama mteja wa gomesi, lile gauni la Kiganda, amekaa mlangoni ananisubiri.

Usiku nilikuwa nalala mkono uko chini ya mto, juu ya kichwa, na naamka bega liko nje. Sasa nalala chali au kwa ubavu wa upande usiouma siku hiyo, nimekumbatia mto, na wakati wa taabu najifunga leso kuzunguka mkono na kifua, isibane pumzi. Mto mwingine kati ya magoti. Hilo lianzeni leo.

Mzigo unaoning'inia ndio adui wa bega, hata kama ni mwepesi. Jerikeni la lita 20 ni kilo 20 zinazovuta mkono kutoka kwenye shimo lake. Mimi nabeba vidumu vya lita 5, kiwiko kimekunjwa, kidumu kimeshika mwili. Kufua nafua, kukamua nimeacha: nguo nazikanyaga ndani ya beseni au nazitundika zikichuruzika. Kamba yangu ya nguo iko usawa wa kifua. Posho (ugali) nasonga kwenye sufuria ndogo iliyoketi chini, mikono miwili kwenye mwiko, viwiko mbavuni. Kisu cha kumenyea matoke nimekizungushia kitambaa kwenye mpini mpaka ukanenepa, maana mpini mwembamba unakitoa kidole gumba. Kalamu ya binti fanyeni vivyo hivyo. Pasi ya mkaa nilimwachia kijana wangu wa kazi.

Safari. Kwenye boda nakaa nimepanua miguu, hata nikivaa gauni, kwa sababu kukaa upande kunapindua nyonga kwenye kila shimo la barabara. Nyuma sishiki chuma kwa mkono ulionyooka. Stendi ya taksi ndiyo niliyoiogopa zaidi, wale wapiga debe wanaomvuta abiria mkono. Dawa niliyoipata ni bendeji juu ya nguo, si ndani. Wakiiona wanaogopa kunigusa.

Na kuna kupiga magoti. Nimeolewa kwa Waganda, na bibi arusi asiyepiga magoti kumsalimia mama mkwe anaeleweka vibaya. Mwaka mzima nilipiga, na mara mbili pia ya goti ilihama mbele ya wageni. Mwishowe mume wangu alikwenda peke yake akamweleza mama yake, akamwonyesha na daftari langu. Mama alinyamaza sana. Nilipokwenda wiki iliyofuata alikuwa ameniwekea kigoda mlangoni, na mpaka leo namsalimia nimekikalia, nimeinamisha kichwa. Nasema hivi kwa sababu binti yako atahitaji mtu wa kumsemea kabla aibu haijampata, na mtu huyo kwa sasa ni wewe.

Likitoka tena, mtu yeyote asivute. Nikiwa na miaka 19 nilipelekwa kwa mganga wa mifupa, yule Waganda wanamwita omuyunzi. Aliniwekea kisigino kwapani akavuta. Bega lilirudi, lakini nje ya mkono hapa juu, pale sajini anaposhonewa cheo chake, nilipata ganzi kwa miezi miwili, kwa kuwa neva inayopita hapo iliumia. Akae, aegemee, mkono ubebwe na mto mapajani, apumue polepole. Lililoteleza nusu mara nyingi hurudi lenyewe misuli ikilegea. Lisiporudi ni hospitali, na ni mbio kama kiganja ni baridi, kimepauka, kina ganzi, au kama alianguka, maana huenda mfupa umevunjika. Goti lenyewe likihama, si ile pia ya mbele, usisubiri hata dakika, kwa sababu mshipa mkubwa wa damu unapita nyuma yake.

Kitu kingine cha kumwambia daktari: kama kwenu kuna aliyekufa ghafla akiwa kijana kwa kupasuka mshipa wa damu au utumbo, litaje bila kungoja uulizwe. Kuna aina adimu inayogusa mishipa, na hiyo inataka uangalizi wake.

Umeuliza pia kama ataweza kuzaa. Mimi nimezaa mara mbili. Nyonga zililegea zaidi wakati wa mimba, miezi ya mwisho nilitembea na fimbo, na nilimwambia mkunga mapema asinifungue miguu kwa nguvu. Kunyonyesha nilimlaza mtoto juu ya mito miwili ili mikono isimbebe.

Shuleni, omba daktari aandike barua kwa matroni na mwalimu mkuu, na iseme vitu kwa majina: asibebe maji, asifue shuka, asifanyiwe adhabu ya kupiga magoti au kuinua mikono, asipandishwe kitanda cha juu. UNEB, baraza la mitihani la Uganda, huwapa muda wa ziada watahiniwa wenye mahitaji maalumu, lakini shule ndiyo inayoomba, kwa hiyo mwulize mwalimu mkuu sasa, kabla usajili wa Senior 4 haujaanza. Nakala moja ya barua ikae kwenye sanduku la binti. Ukitaka, nitakuandikia jinsi siku yangu ya kazini ilivyopangwa.