Maswali ya Wasomaji: Pendulamu, n−1 na Hisabati ya Nadharia

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa fizikia wa mwaka wa pili hapa Dar es Salaam. Katika maabara nilipima mchapuko wa uvutano (mita kwa sekunde mraba) kwa gololi ya chuma iliyofungwa kwenye uzi wa mita 1, niliyoiachilia kutoka pembe ya digrii 20. Vipimo 10 vilinipa wastani wa 9.64 na kosa sanifu (kadirio la wastani unavyoweza kuyumba kwa bahati) la 0.02; nilipofikisha vipimo 40, kosa lilishuka hadi 0.01, lakini wastani haukusogea, ilhali kitabu kinasema 9.81. Nimekosea wapi? Pili, kwa nini katika mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha mtawanyiko wa vipimo, tunagawanya kwa n−1 na si kwa n, idadi ya vipimo? Tatu, ratiba inanitaka nichague kozi moja ya hisabati ya nadharia. Je, uthibitisho wa thiorema unamsaidia nini mtu wa fizikia?

JIBU: Ndugu msomaji, tuanze na hiyo 9.81, kwa sababu si lengo lako hata kidogo. Hiyo ni thamani ya latitudo za Ulaya, na ile 9.80665 iliyofanywa kuwa sanifu mwaka 1901 nayo ni ya makubaliano tu. Dunia imebinuka kidogo kwenye ikweta na inazunguka, hivyo uvutano hukua kutoka takriban 9.780 ikweta hadi 9.832 kwenye ncha, na kwa Dar es Salaam, iliyo karibu digrii 7 kusini, thamani inayokuhusu ni takriban 9.78. Mwanaastronomia Mfaransa Jean Richer aliligundua jambo hili mwaka 1672 alipotumwa kutoka Paris kwenda Cayenne, Amerika Kusini, digrii 5 tu kaskazini ya ikweta: saa yake ya pendulamu, iliyokuwa ikienda sawasawa Paris, ilichelewa huko kwa takriban dakika mbili na nusu kila siku, ikabidi aifupishe pendulamu. Inasikitisha kwamba miongozo yetu ya maabara bado inanakili namba ya watu wa mbali.

Hata hivyo, bado unapungukiwa na 0.14, ambayo ni mara saba ya kosa lako la kwanza. Kurudia vipimo hupunguza kosa la kubahatisha, lile la kidole kuwahi au kuchelewa kubonyeza saa, na hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya vipimo, ndiyo maana vipimo mara nne vilikupa nusu ya kosa. Kosa linaloelemea upande mmoja halijali umerudia mara ngapi. Lako limo katika hizo digrii 20. Fomula uliyotumia, T = 2π√(L/g), ambapo T ni muda wa bembea moja, L urefu wa pendulamu na g mchapuko wa uvutano, inachukulia kwamba sini ya pembe ni sawa na pembe yenyewe; pembe ikiwa kubwa, muda wa bembea moja hurefuka kwa sehemu inayokaribia θ²/16, θ ikiwa pembe ya kuanzia katika radiani. Digrii 20 ni radiani 0.349, kwa hiyo muda wako umerefuka kwa asilimia 0.76, na kwa kuwa muda huingia kwenye fomula ukiwa mraba, jibu lako limeshuka kwa takriban asilimia 1.5. Lirekebishe, utapata 9.79, na kwa kuwa pembe hupungua kadiri gololi inavyobembea, thamani yenyewe iko chini kidogo ya hapo. Ukianzia digrii 5, kosa hili halizidi 0.01. Hakikisha pia kwamba urefu umepimwa hadi katikati ya gololi, si hadi fundo la uzi.

Kuhusu n−1, chukua vipimo vitatu vya muda wa bembea 20, kwa sekunde: 40.4, 40.5 na 40.6. Wastani ni 40.5, na tofauti zake ni −0.1, 0 na 0.1, ambazo lazima zijumlike kuwa sifuri. Ukizijua mbili, ya tatu umeshaijua, maana yake una taarifa huru mbili tu. Wastani huo umetokana na vipimo hivyohivyo, kwa hiyo umekaa karibu navyo kuliko thamani ya kweli inavyoweza kukaa, na kugawanya kwa 3 kungekupa 0.08, mtawanyiko mdogo kuliko unaostahili. Kugawanya kwa 2 kunakupa 0.1. Ukiwa na vipimo 40 tofauti hiyo haionekani. Marekebisho haya yamepewa jina la mwanaastronomia Mjerumani Friedrich Bessel, ambaye, kwa bahati njema, naye alipima pendulamu kwa uangalifu mkubwa kule Königsberg katika miaka ya 1820.

Swali la tatu limeshajibiwa nusu na gololi yako. Thiorema ya Taylor haisemi tu kwamba sini ya pembe inakaribia pembe. Inathibitisha kwamba tofauti haizidi θ³/6, yaani 0.0071 kwa digrii 20, na huo ni mpaka wa kosa ambao hakuna saa itakayokupa. Mfano mzito zaidi ni chumvi ya mezani. Ukitaka nishati ya umeme katika fuwele yake, unajumlisha mchango wa ioni chanya na hasi bila kikomo. Ukijumlisha kwa michemraba inayopanuka, jumla hutulia kwenye 1.7476, ukijumlisha kwa tufe zinazopanuka, haitulii kamwe. Ioni ni zilezile, mpangilio wa kujumlisha tu ndio uliobadilika, na asiyejua mfululizo upi unaruhusu kupangwa upya atapata jibu lisilo na maana bila kompyuta yake kulalamika.

Kwa hiyo chagua uchanganuzi wa namba halisi. Aljebra ya makundi ni tamu na utaihitaji utakapofika kwenye fizikia ya kwanta, lakini inaweza kusubiri mwaka wa tatu.