Kabla ya kutafuta skolashipu, kusanya karatasi zako

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakitoka mwezi wa Julai, simu yangu haitulii. "Dada, kuna skolashipu gani sasa hivi?" Wanaouliza ni vijana wa kwetu Pemba, wa Wete, Konde, Mkoani, na wengine wa Unguja Mjini. Huwa nawarudishia swali: cheti chako cha kuzaliwa na cheti chako cha kidato cha nne vimeandikwa jina moja, herufi kwa herufi? Wengi hunyamaza. Wengine huenda kuangalia, na wakinipigia tena sauti imeshabadilika.

Naanza hapo kwa sababu hapo ndipo nilipoanguka mimi. Nilipokuwa kidato cha sita nilitaka kuomba ufadhili wa serikali ya Uturuki, unaoitwa Türkiye Bursları. Maombi yake kwa kawaida hufunguliwa tarehe 10 Januari na kufungwa tarehe 20 Februari, na kuomba ni bure. Mimi habari zilinifikia Februari imeshaanza. Nikatoa karatasi zangu kwenye sanduku la mama, nikakuta cheti cha kuzaliwa kinasema baba ni Khamis, cha skuli kinasema Hamisi. Babu ni Othman huku, Othuman kule. Nikenda kwa sheha, akanipa barua siku ileile, Mungu amlipe. Nikaipeleka ofisi moja, nikaambiwa nirudi Jumatatu. Jumatatu nikaambiwa mwenye kutia saini yuko Unguja. Tarehe 20 ikapita. Mwaka uliofuata nilikuwa nimeshatimiza miaka 21, na kwa shahada ya kwanza wao wanataka aliye chini ya umri huo. Nililia, na mama alilia zaidi kwa sababu aliona kosa ni lake.

Kosa halikuwa lake. Majina yetu yameandikwa na watu wengi: mkunga wa hospitali, mwalimu wa darasa la kwanza, karani wa mtihani, na kila mmoja kaandika alivyosikia. Kwa hivyo, mdogo wangu, leo usitafute skolashipu. Leo panga karatasi zako mkekani na uzisome kama karani asiyekujua. Cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, vyeti vya NECTA, yaani Baraza la Mitihani, na transkripti, ile karatasi ya alama zako, kama umeshasoma chuo. Ukiona tofauti, anza kuirekebisha sasa. Cheti kinachoweza kusahihishwa kisahihishwe, na kisichowezekana kipatiwe hati ya kiapo kwa wakili, yenye kusema kuwa majina haya mawili ni ya mtu mmoja. Kazi hii inaweza kuchukua siku tatu au miezi mitatu, na hakuna mfadhili atakayekungojea.

Kuna na jambo la majina matatu. Sisi tunajiita kwa jina letu, la baba na la babu, lakini mifumo ya nje inataka jina la ukoo. Usibuni. Fuata pasipoti inavyosema, na uandike hivyohivyo kila mahali, mpaka kwenye anwani yako ya barua pepe ikiwezekana. Pasipoti yenyewe ilinigharimu shilingi 150,000. Baba aliniuliza ya kwendea wapi, maana safari sina. Nikamwambia safari ikija itakuja na tarehe ya mwisho. Tukaitoa kwenye karafuu za msimu ule.

Karatasi zikishakaa sawa, tazama kalenda, na hapa wengi hupotezewa mwaka mzima na fikra kwamba maombi huanza baada ya matokeo. Uturuki hupokea hata aliye mwaka wa mwisho wa masomo, kwa hivyo mwanafunzi wa kidato cha sita anaomba Januari, mtihani anafanya Mei. Kwa shahada ya pili, Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, hufunguliwa Agosti kwa masomo ya Septemba ya mwaka unaofuata, yaani unaomba zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kukaa darasani, na wanataka uwe umefanya kazi angalau saa 2,800, ambazo ni kama miaka miwili. Kozi nyingi za Erasmus Mundus, ufadhili wa Umoja wa Ulaya, hupokea maombi baina ya Oktoba na Januari. Ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi na wanataaluma, kwa kozi zinazohusu maendeleo, ambao ndio nilioupata, unataka miaka miwili ya kazi baada ya shahada, na shahada yenyewe isiwe imepitisha miaka sita. Huko huombi kwa tarehe moja. Kila kozi ina tarehe yake, na mara nyingi maombi unaipelekea kozi moja kwa moja.

Sasa pesa. Hili nataka nilikae, kwa sababu limeumiza watu ninaowajua.

Kijana mmoja wa Chake alipata barua ya udahili ya chuo kikuu cha Ujerumani. Alikuwa amesikia kwamba kule vyuo vya serikali havitozi ada, na kwa sehemu kubwa ni kweli, ingawa jimbo la Baden-Württemberg tangu 2017 linawatoza wageni wasiotoka Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Nyumbani kwao dua ikasomwa, jamaa wakaja. Alipofuatilia viza akaambiwa aoneshe pesa za kuishi za mwaka mzima, zimewekwa kwenye akaunti maalumu ambamo hutolewa kidogokidogo kila mwezi: euro 11,904. Shamba la baba yake lisingefika hapo hata likiuzwa na miti yake. Barua ya udahili ikabaki ukutani.

Barua ya udahili inakwambia una nafasi ya kusoma. Haikwambii nani atalipa. Ukiona neno ufadhili, uliza vitu vitano: ada, chakula na malazi, bima ya afya, tiketi, na viza. Kipi wanalipa, kipi hawalipi? DAAD walinipa posho ya kila mwezi, ambayo kwa shahada ya pili sasa ni euro 992, pamoja na bima na mchango wa tiketi, na kozi ya Kijerumani kabla ya masomo. Erasmus Mundus hutoa euro 1,400 kwa mwezi na ada wanalipa wao, lakini tiketi na viza zimo ndani ya hizo 1,400, hazitolewi mbali. Chevening na Uturuki tiketi wanatoa. Punguzo la nusu ya ada nalo huitwa skolashipu, na kwa mtoto wa mkulima nusu iliyobaki ni ileile isiyolipika. Na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2011, isome masharti yake pia, ukijua kwamba mkopo ni deni na utakuja kulipa.

Kuhusu wanaojiita mawakala wa skolashipu sina maneno mengi. Hakuna hata mmoja kati ya wafadhili niliowataja anayetaka umtumie pesa kwa simu ili jina lako lipite. Anayekuambia hivyo anakuibia, hata kama ni jirani yenu.

Nije kwenye insha, ile barua ya kueleza kwa nini wewe. Mara ya kwanza kuomba shahada ya pili nilikataliwa, na leo nikiisoma insha ile naona walifanya haki. Niliandika kwamba elimu ni ufunguo, kwamba nataka kuisaidia jamii yangu, kwamba tangu utotoni nilipenda mazingira. Msomaji hakuweza kujua kama natoka Micheweni au Mbeya.

Mara ya pili nilikaa na mama. Mama analima mwani, na nimekua nikimfuata pwani siku za bamvua, maji yanapokupwa mbali. Zamani alikuwa akilima kotonii, ule mwani wenye bei nzuri kuliko aina ya pili, spinosamu. Bahari ilipozidi kupata joto kotonii ikaanza kuwa nyeupe, ikalainika, ikakatika kambani. Nikamuuliza, mwaka gani uliona mabadiliko? Ulipoteza kamba ngapi? Ulifanya nini baadaye? Alinieleza mpaka magharibi ikaingia. Nikaandika hayo. Nikaandika kwamba kilimo hiki kilianza Unguja mwaka 1989, kwamba wanaokifanya wengi ni wanawake, kwamba kazini kwangu nilikuwa napima joto la maji mara mbili kwa wiki na sikujua nizifanyie nini zile namba. Nikataja masomo mawili ya kozi ile ya Bremen, inayohusu ikolojia ya maji ya kitropiki, ambayo yangenifundisha hasa kile nisichokijua. Nikamalizia na kazi ninayorudi kuifanya na wapi. Insha nzima haikuwa na sentensi moja ya kujisifu. Wakaniita.

Wewe mama yako huenda halimi mwani. Huenda kijijini kwenu bonde la mpunga limeingiwa na maji ya chumvi, au unafundisha hesabu darasa la wanafunzi mia, au babako ni mvuvi na umeona ukubwa wa samaki ukipungua sokoni. Kile unachokijua wewe na asiyekuwa wa kwenu hakijui, ndicho uandike, kwa majina ya mahali na kwa namba ulizozihesabu mwenyewe.

Barua za mapendekezo: nenda kwa mwalimu wako wiki sita kabla. Nenda kwa miguu yako kama uko karibu, umsalimie, umueleze. Usimtumie ujumbe wa "Mwalimu naomba rekomendesheni, mwisho kesho." Mpelekee ukurasa mmoja wenye kozi unayoomba, alama zako katika somo lake, na kazi uliyomfanyia ambayo pengine kaisahau. Mwalimu ana wanafunzi mamia. Ukimkumbusha hutakuwa umemkosea adabu, umemrahisishia. DAAD wanataka na barua ya mwajiri, na ikiwa mwajiri atasema yuko tayari kukupokea ukirudi, barua hiyo ina uzito mkubwa. Mwambie mapema, asije akahisi unamkimbia.

Tarehe ya mwisho isome pamoja na saa yake. Wakiandika 12:00 kwa saa za GMT maana yake ni mchana wa kule, kwetu saa tisa alasiri, wala si usiku wa manane. Namjua binti aliyekaa amejitayarisha kutuma baada ya Isha, akaukuta mfumo umefungwa tangu alasiri. Tena umeme wetu Pemba unatoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari tangu 2010. Ukikatika siku hiyo hakuna wa kumlalamikia. Tuma siku tatu kabla.

Kwa wasichana nataka niseme jambo ambalo kwenye masharti halimo. Nilipopata barua, baba alinyamaza siku tatu. Sikugombana naye. Niliichapisha, nikaifasiri kwa Kiswahili aya kwa aya, na usiku mmoja baada ya Isha nikamsomea yeye na ami yangu. Maswali yao yalikuwa ya haki: nani atakupokea, utakula nini, utaswali wapi, ukiumwa je? Sikuwa na majibu yote. Nikamwandikia mwanafunzi wa Kitanzania aliyesoma kozi hiyo kabla yangu, akanijibu kwa kirefu, akanitajia msikiti na duka la nyama ya halali, na baba akazungumza naye kwa simu. Baada ya hapo baba ndiye aliyekuwa akiniuliza viza imefikia wapi. Kwa hivyo usiwafiche wazazi mpaka barua ije. Waanzie siku ile unapofunga safari ya pasipoti.

Viza inakupeleka Dar es Salaam, kwa sababu balozi nyingi ziko huko. Kwa mtu wa Pemba hiyo ni boti mbili kwenda na mbili kurudi, na pa kulala. Weka miadi mara tu upatapo barua, nafasi hujaa. Anayekwenda Uingereza kwa zaidi ya miezi sita ajue atatakiwa pia kipimo cha kifua kikuu kwenye kituo wanachokikubali wao, basi afanye safari moja ya mambo yote akiweza.

Na beba pesa za kuanzia hata kama ufadhili ni kamili. Posho ya kwanza haiingii mpaka uwe na akaunti ya benki ya kule, na akaunti inataka anwani, na anwani inataka chumba. Mimi nilikwenda na euro 300 za karafuu za bibi, nikaziona zinakwisha. Kilichonishtua ni amana: Ujerumani mwenye nyumba anaruhusiwa kutaka amana ya hadi kodi ya miezi mitatu. Kilichoniokoa ni chumba cha hosteli ya wanafunzi, ambacho amana yake ilikuwa ndogo. Niliomba hosteli hiyo wiki ileile barua ya udahili ilipofika, na bado nilipangiwa miongoni mwa wa mwisho.