Asilimia ya pasi peke yake haimpimi kwotabeki

Ndugu, unasema kwotabeki, yule mrusha mpira wa futiboli ya Marekani, aliyekamilisha asilimia 70 ya pasi zake chuoni lazima atangulie mbele ya mwenye 60 kwenye drafti, pale timu za NFL (ligi ya kulipwa) zinapochagua wachezaji wa vyuo kwa zamu. Taratibu kidogo. Kwanza ziondoe zile pasi fupi za pembeni zinazotupwa nyuma ya mstari wa kuanzia. Hapo kazi yote ni ya mpokeaji. Zinazobaki ndizo za kupima: yadi 10 hadi 20, katikati ya uwanja, jaribio la tatu kati ya manne ya kusogeza mpira, wakati kila mtu anajua pasi inakuja.

Halafu mtazame akibanwa na wapinzani. Kama kila mara tano anazobanwa anaangushwa moja au zaidi na mpira mkononi, usikimbilie kuwalaumu walinzi wake. Mara nyingi ni yeye anayeng'ang'ania mpira, na tabia hiyo humfuata hadi NFL. Angalia na macho: akimkodolea mpokeaji mmoja tangu mchezo unapoanza, mabeki wa kulipwa watamnyang'anya mchana kweupe.

Drafti ya 2018 inatosha kukuonyesha. Baker Mayfield, mwenye 70, alienda namba 1. Josh Allen wa Chuo Kikuu cha Wyoming alikuwa na 56 tu, watu wakamcheka; timu ya Buffalo wakabadilishana zamu wakapanda hadi namba 7 kumchukua, na msimu wa 2024 akawa MVP, yaani mchezaji bora wa ligi. Lamar Jackson, MVP mara mbili, alisubiri hadi namba 32!

Ila Allen msimfanye kanuni. Wenye mkono mzito ni wengi, na wengi wao hawakuwahi kurekebisha mkao wa miguu.