Spika yenye amplifaya ndani: inavyoungua na jinsi ya kuikagua

Spika yenye amplifaya ndani yake huuawa zaidi na mambo yaliyo nje yake: umeme unaoingia, na sauti inayotoka kwenye mikseri. Ukibadilisha wufa (spika ya besi iliyo ndani ya boksi) bila kutafuta kilichoiunguza, na hiyo mpya itaungua.

Tuanze na umeme, maana hapo ndipo hasara kubwa ilipo. Tanzania tunahesabu volti 230, Kenya 240. Kabla ya kuchomeka spika ukumbini, pima soketi kwa multimita. Kati ya 215 na 250, endelea. Ikizidi hapo, usichomeke hata kama wenyeji wanakuambia redio yao inafanya kazi. Kwenye jengo la fezi tatu, waya wa nyutro ukilegea, soketi ya kawaida inaweza kupanda kuelekea volti 400, na pawa saplai ya spika hufa papo hapo. Jenereta nayo iwashe, iache itulie dakika chache, pima, ndipo uchomeke. Na usisubiri mafuta yaishe spika zikiwa zinapiga: jenereta inapokohoa kabla ya kuzima, volti hupanda na kushuka ovyo. Zima spika kwanza, kisha ujaze.

Ukinunua spika ya mtumba kutoka Marekani, soma maandishi ya nyuma kabla ya kitu kingine chochote. Yakisema 100–240V, huna shida. Ikiwa na swichi ya 115/230, hakikisha imewekwa 230. Ikiwa ni ya 120V tu, itahitaji transfoma ya kushusha umeme.

Ekstensheni nyembamba nayo ni tatizo lisiloonekana. Waya wa shaba wa milimita 1.5 mraba ukivutwa mita 50, kwa mzigo wa ampea 10 unapoteza takriban volti 12 njiani. Wa 2.5 unapoteza kama 7. Kama jenereta tayari ni dhaifu, tofauti hiyo ndiyo inayofanya spika ijizime kila besi inapogonga.

Sasa mikseri. Watu wengi wanaamini limita iliyo ndani ya spika itawaokoa. Limita inazuia amplifaya isizidishwe, lakini kama sauti imeshapasuka ndani ya mikseri, spika inapokea mawimbi yaliyokatwa vichwa, ambayo hubeba nguvu nyingi zaidi kwa wastani na kumwaga sauti kali kwenye twita, yaani kipaza cha sauti nyembamba. Koili, yaani waya uliozungushwa ndani ya wufa au twita, inapata joto bila kupumzika, gundi inalegea, waya unakatika. Kwa hiyo weka geini (kitufe cha kukuza sauti ya maiki inapoingia kwenye mikseri) ya kila maiki ili anayeimba kwa nguvu zake zote afike karibu na 0 kwenye taa za mikseri, taa nyekundu isiwake. Fada kuu (kitelezi cha sauti yote inayotoka) iwe kwenye 0, kisha pandisha spika taratibu kuanzia katikati. Taa ya LIMIT ikimulika mara mojamoja kwenye kilele, hakuna neno. Ikikaa imewaka, spika hazitoshi kwa ukumbi huo: ongeza spika au punguza sauti. Kumbuka pia kwamba kuongeza besi kwa desibeli 3 kunadai nguvu maradufu, na desibeli 10 ni mara kumi. Kwenye maiki za sauti, washa kichujio cha kukata chini ya hezi 80 au 100.

Mpangilio wa kuwasha: mikseri kwanza, spika mwisho. Kuzima: spika kwanza. Ule mshindo wa "dufu!" unaousikia mtu akikosea ni wufa inayosukumwa mpaka mwisho wake.

Spika ikiwa imekufa kabisa, bila taa, badilisha waya wa umeme, kisha angalia fyuzi ya plagi na ile iliyo kwenye kidroo kando ya tundu la umeme. Itazame kwenye mwanga. Uzi uliokatika safi mara nyingi ni uchovu au mzigo uliozidi. Kioo kilichopakwa weusi au rangi ya fedha kwa ndani kinaonyesha shoti. Weka ya kiwango kilekile, na kama imeandikwa T (fyuzi inayochelewa kukatika), iwe T. Ikiungua tena, acha hapo. Usiweke kubwa zaidi wala karatasi ya sigara.

Taa inawaka lakini kimya? Angalia swichi ya MIC na LINE, kisha chomeka simu moja kwa moja. Sogeza sikio kwenye honi, ile tarumbeta iliyo mbele ya twita, bila kupiga chochote: ukisikia "shhh" nyembamba, upande wa twita ni mzima, tafuta tatizo kwenye waya au mikseri. Ikiwa besi ipo na sauti nyembamba haipo, dayaframu ya twita ndiyo mshukiwa wa kwanza.

Kufungua ni kazi ya mtu anayejua umeme. Chomoa, subiri, kisha pima kapasita kubwa, kwa sababu zinaweza kubaki na volti 320 hivi za kuua. Zikishaisha chaji, chomoa waya za spika kwenye amplifaya na upime omu. Wufa au twita ya omu 8 husoma kama 5.5 hadi 7. Ikisoma wazi, yaani kama vile ncha za multimita hazijagusa kitu, imekatika. Ikisoma omu 1 hivi, koili imeshikana. Kisha bonyeza karatasi ya wufa kwa viganja viwili, sawasawa pande zote. Mkwaruzo wowote unaousikia au kuuhisi vidoleni ni koili iliyovimba ikisugua sumaku.

Kabla ya kufunga wufa mpya, pima volti za DC kati ya waya mbili za amplifaya zinazokwenda kwake, bila sauti. Zinapaswa kuwa milivolti chache tu. Ukikuta volti nzima kadhaa, amplifaya ndiyo muuaji, na itaiunguza hiyo mpya ndani ya dakika.

Spika inayojizima kila baada ya saa moja na kurudi ikipoa inalalamikia joto. Safisha vumbi la feni na sahani za kupozea, na iache nafasi nyuma, mbali na ukuta na jua la mchana.

Ikikoroma, chomeka mikseri na spika kwenye chanzo kimoja cha umeme, halafu jaribu waya mwingine wa sauti. Mguu wa ethi usikatwe kamwe: mlio utanyamaza, lakini aliyeshika maiki anaweza kupigwa na umeme.